Mwalimu wa Kifaransa na Ua wa Masale

Kwa Mwalimu wetu wa Kifaransa ukikosea hukuchapwa, ulitolewa nje. Uliinuka kwenye benchi, ukapita chini ya migomba mpaka langoni, ukasimama barabarani kama mtu aliyefukuzwa kwao, halafu ukaanza upya kuingia. Wengine wetu tulipita lango lile mpaka mbwa wake akachoka kutubwekea. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni haya kusema. Ulimi wangu ulikuwa mzito, na hadi leo ni mzito.

Watu wakisikia kwamba mlimani kwetu, enzi ya Mwingereza, palikuwa na Mchagga akifundisha Kifaransa, hucheka. Wacheke tu. Mapadri wa misheni yetu walikuwa Wafaransa, shule ilikuwa ya misheni, na Mwalimu alikuwa mmoja wa walimu wake. Alifundisha hesabu pia, na kwaya, lakini sijasikia mtu akimwita mwalimu wa hesabu. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sitasema. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa kitu. Ninachotaka kueleza ni jinsi alivyokuwa, na jinsi Kifaransa hicho hicho kilivyomgombanisha na kaka yake, aliyekaa ng'ambo ya ua, wakanuniana miaka na miaka, mpaka siku niliyotumwa mimi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti jeusi la marehemu padri ambalo mikono yake ilimwishia karibu na viwiko. Hakulishona wala hakulibadilisha. Kabla ya somo alishuka kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba, akaosha miguu, akasugua na visigino kwa jiwe, ndipo akaja kukaa. Tulimwuliza kwa nini aoshe miguu ilhali Kifaransa kinatoka mdomoni. Akasema, "Ninyi mnaona mdomo tu kwa sababu ndio mnaotumia kulia chakula."

Ndivyo alivyozungumza. Hakuwa mtu wa kukubembeleza.

Kifaransa alikipata kwa padri mzee ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mwalimu, wakati huo kijana wa kumtandikia padri punda, alijua kusoma herufi lakini Kifaransa hakujua hata neno. "Padri alikuwa na vitabu hana macho," alituambia, "mimi nilikuwa na macho sina Kifaransa. Basi tukachanga." Kila alasiri alimsomea. Akitamka vibaya, padri aligonga meza kwa kiko chake, akanyamaza. Hakusema kosa ni lipi. Kijana alirudia, na kurudia, mpaka kiko kikakaa kimya, ndipo wakasonga mbele. Alisoma hivyo muda mrefu bila kujua anasoma nini, hadi alasiri moja alipokuwa akisoma habari za ng'ombe anayeumwa kwato, akaacha kusoma akacheka peke yake, maana alikuwa amemwona yule ng'ombe. Kuanzia hapo, alisema, ikawa kama mtu amefungua dirisha.

Kwa hiyo Kifaransa chake kilikuwa cha mzee anayehubiri. Akiomba chumvi kwa Kifaransa ungedhani anawaonya wenye dhambi. Nasi tukakichukua hivyo hivyo, vijana wa miguu mitupu, tukisalimiana njiani kwa sauti ya mimbari.

Hakuamini kitabu kabla ya sikio. Miezi ya mwanzo hatukuandika kitu. Tulizunguka naye kihambani, yaani shambani pale pale nyumbani, akigusa hiki na kile: ng'ombe, jembe, kahawa, moshi unaotoka paani. Ilipofika zamu ya ndizi palikuwa na kelele. Tulimwuliza mshare, ndizi yetu ya kupika, unaitwaje kwa Kifaransa. Akasema. Tukamwuliza ndizi ya kupikia pombe inaitwaje. Akasema neno lile lile. Na ile ya kuiva? Lile lile. Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, sasa Mfaransa akimtuma mkewe shambani, mke atajuaje alete ipi?"

Mwalimu alifikiri sana, hakutaka kudanganya. "Wafaransa," akasema mwishowe, "ni maskini wa ndizi. Tuwahurumie, tuendelee."

Wazazi wetu hawakumwelewa, na siwalaumu. Walishamwona Mjerumani akija na lugha yake na kuondoka nayo. Wakaja kumwona Mwingereza, na safari hii wakajua la kufanya. Mwenye Kiingereza alipata ukarani bomani, au stesheni ya Moshi, au kwa Mhindi dukani. Mwenye Kifaransa alipata nini? Baba yangu alinikalisha chini akaniuliza, "Hicho Kipadri chenu utakisema na nani? Na mbega wa msituni?" Nilimpelekea Mwalimu swali lile kama lilivyo, naye usoni akabadilika. Nadhani lilikuwa swali lake mwenyewe. Padri alikuwa ameshakufa. Mapadri waliokuja baadaye walikuwa na haraka, wakimjibu kwa Kiswahili. Alibaki na lugha nzima mdomoni na hapakuwa na mtu wa kumjibu isipokuwa sisi, nasi tulijibu ovyo.

Mara moja tu nilimwona amejibiwa. Mzungu mmoja, Mbelgiji aliyekuwa akitoka pande za Kongo, gari lilimharibikia mjini Moshi. Alikuwa kwenye gereji ya fundi Singasinga, akipiga kelele na kuonyesha kwa mikono, na fundi, mtu mpole, anamjibu kwa Kiingereza, kwa Kihindi, kwa Kiswahili, hakuna kinachoingia. Mtu mmoja wa sokoni akakumbuka kwamba Mwalimu yupo mjini siku ile, amekuja kununua kamba. Tulikuwa naye wawili watatu. Alipofika akavua kofia, akafunga vifungo vya lile koti fupi, akasema sentensi moja ndefu.

Mbelgiji akashusha mikono. Akamtazama kuanzia miguuni. Halafu akaanza kucheka, si kwa dharau, na kusema maneno mengi kwa haraka, na Mwalimu akiitikia kwa kichwa. Baadaye alitufasiria: Mzungu alisema hajasikia mtu akizungumza namna ile tangu alipokuwa mtoto, kwa paroko wa kijiji cha bibi yake. Mwalimu alikaa na fundi mpaka gari likawaka, akifasiri habari za mafuta na mabomba ambazo hajawahi kuzisoma popote. Aliyokosa jina aliyaeleza kwa kuzunguka. Njiani kurudi, mlima wote ule, alitembea mbele yetu. Karibu na misheni ndipo aliposimama.

"Leo nimejibiwa," akasema. Akaendelea kupanda. Kamba alikuwa ameisahau gerejini.

Nisije nikamfanya mtakatifu, maana hakuwa. Sisi alitukataza Kichagga ndani ya ua wake, lakini watoto wake mwenyewe walikuwa hawasemi kingine, na mmoja alipothubutu kumwita kwa Kifaransa mezani alimfokea: "Mimi ni baba yako, si darasa." Alisifu Ufaransa asubuhi na jioni, lakini misheni ilipotafuta mtu wa kufuatana na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao kutibiwa, na ikamtaja yeye, akakataa. Alisema ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Mkewe alilia kwa hasira. Ng'ombe alizaa dume.

Na alikuwa na ulimi. Ulimi ule ndio uliomponza.

Somo la Kifaransa shuleni halikudumu. Alikuja inspekta wa elimu, Mwingereza, akakaa nyuma ya darasa na kutusikiliza tukihubiri habari za ng'ombe na jembe. Alipotoka nje alimwambia mkuu wa misheni kwamba serikali inasaidia shule ili watoto wajue Kiingereza, na kama misheni ina saa za ziada basi iziongeze huko. Mwalimu aliitwa. Wanasema alimwambia inspekta, "Bwana, Kiingereza wanajifunza ili waajiriwe. Hiki wanajifunza ili wajue." Inspekta akatabasamu, akapanda farasi wake. Wiki iliyofuata Kifaransa kilifutwa kwenye ratiba.

Ndipo alipotuhamishia nyumbani kwake. Anayetaka aje alasiri, amkatie ng'ombe majani, kisha asome. Tulikuja wachache. Na ni huko nyumbani alikobuni ile adhabu ya kutoka nje.

Msomaji asiye wa kwetu sharti ajue habari za isale. Ni mmea wa majani marefu, tunaupanda kuwa ua wa vihamba na juu ya makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu, jambo zito, la damu au la tusi, hujiendei mwenyewe kujieleza. Unamtuma mtu asiye wa nyumba yenu na jani la isale lililofungwa fundo. Likifika, yule uliyemkosea hana budi kulipokea, na akilipokea, yamekwisha. Maneno hayahitajiki. Hata leo anayejua heshima hachezi na jani hilo.

Mwalimu alicheza nalo. Sheria yake ilikuwa kwamba ukiwa ndani ya ua ukaponyokwa na neno la Kiswahili au Kichagga, unatoka, unachuma jani la isale uani, unalifunga fundo, unasimama langoni na kusema kwa sauti, "Je vous demande pardon, monsieur." Yaani naomba radhi, bwana. Naye kutoka kwenye benchi anaitikia kwa ile sauti ya mimbari, "C'est fini. Entrez." Yamekwisha, ingia. Kama umetamka vibaya haitikii. Anagonga benchi kwa fimbo, unarudia. Nia yake ilikuwa njema: alitaka tujue kwamba lugha ni nyumba ya watu, na mwenye kuvunja adabu ya nyumba huomba kuingia. Lakini sisi tulikuwa watoto. Tulipigana kwa masale yale, tulifungana nayo vichwani, njiani palijaa majani yenye mafundo.

Ua ulikuwa wa watu wawili. Upande wa pili ni kaka yake Mwalimu, tuliyemwita Baba Mkubwa, mtu ambaye hakusoma hata siku moja, na ndiye aliyetunza mambo ya ukoo: nani achinje, fungu gani liende kwa nani, kaburi gani lipaliliwe. Aliyavumilia mafundo njiani kwa muda. Alasiri moja akaja, amebeba tita zima la majani tuliyoyatupa, akayaweka mbele ya benchi.

"Mdogo wangu," akasema, "watoto hawa wanaombana radhi ya nini? Nani ameuawa hapa?"

"Wanajifunza," Mwalimu akasema.

"Wanajifunza kuchezea wazee."

Tulikuwa tunatazama, na nafikiri hilo ndilo lililomharibia. Mwalimu mbele ya wanafunzi wake hakujua kushindwa. Akasema, "Kaka, jani ni jani."

Baba Mkubwa aliyatazama majani yale, sisi tukaangalia chini. "Haya," akasema. "Jani ni jani." Akaondoka.

Tangu siku ile Mwalimu hakuturuhusu kugusa ua. Adhabu ilibaki, lakini tulisimama langoni mikono mitupu. Na baada ya siku chache, alipoona kaka yake anapita bila kumwitikia salamu, akafanya lililompasa: akafunga isale la kweli, akamtuma mzee wa jirani. Mzee alikwenda, akarudi amechanganyikiwa. Jani limepokelewa, alisema, lakini Baba Mkubwa amezibia nalo kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Amesema, "Mwambie sijakataa. Yeye mwenyewe alisema jani ni jani, nami nilikuwa natafuta kizibo."

Wacha wee! Hilo pigo. Tulimwona Mwalimu akikunja shingo ndani ya lile koti. Angeomba radhi kwa kitu gani tena? Kitu pekee tulicho nacho cha kuombea radhi ndicho hicho alichokivunja bei. Kwenda mwenyewe na kusema kwa mdomo, mtu mzima kwa kaka yake, hiyo kwetu haikuwepo. Yeye aliyetufundisha kuomba radhi kwa Kifaransa kila alasiri mpaka majirani wakachoka, kwa Kichagga hakuwa na pa kuanzia.

Miaka ikaenda. Ukoo ulipochinja, fungu la Mwalimu lililetwa, halikupungua hata kidogo, limefungwa kwenye jani la mgomba na kukabidhiwa mtoto. Baba Mkubwa hakumnyima haki yake. Alimnyima sauti tu. Mwalimu alikula nyama ile kimya, na mkewe aliniambia kwamba siku hizo alikuwa halali vizuri. Walimzika mama yao wakiwa pande mbili za kaburi. Na kila alasiri, iwe mvua iwe jua, kizazi baada ya kizazi cha vijana wa majani ya ng'ombe, langoni palisikika mtoto akiomba radhi, na Mwalimu akiitikia kwamba yamekwisha, aingie.

Mimi nilimaliza shule, nikapata ukarani mjini kwenye chama cha kahawa, kwa Kiingereza, kama baba alivyotaka. Kifaransa nilikitumia mara chache, nikiwa peke yangu na kikombe. Nilipanda kumsalimu Mwalimu nilipoweza. Mara ya mwisho ilikuwa wakati watu wameanza kunong'ona habari za uhuru. Nilimkuta kwenye benchi lile lile, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya kigoda. Wanafunzi hapakuwa na hata mmoja. Koti lilikuwa limeraruka kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa." Akanitazama. "Kaa. Hapana, usikae. Nataka nikutume."

Kando yake juu ya benchi palikuwa na jani la isale, limefungwa fundo, fundo zuri, la mtu aliyelifungua na kulifunga tena mara kadhaa.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwa nini mimi? Tafuta mzee."

"Wazee wamekufa. Wewe si wa nyumba yetu. Na wewe ndiye uliyetoka nje kuliko wote, njia ya kuingia unaijua." Hakucheka aliposema hivyo. Akaongeza, na sauti haikuwa ya mimbari, "Naogopa kufa tukiwa hivi. Nenda."

Nilizunguka ua. Baba Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia, nikapiga goti na kumpa jani kwa mikono miwili. Niliona na kibuyu kimening'inia ukutani, nikawaza, leo nitarudi na jibu gani?

Akaligeuza geuza. "Hili nalo ni la masomo?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Hili ni lake."

"Anasemaje?"

"Hakunipa neno. Alinipa hilo tu."

"Jani tu." Akarudi kwenye maharage yake, akapukuchua moja, akaacha. "Wewe si ulikuwa mmoja wa wale wa langoni? Basi sema lile mlilokuwa mkisema."

Nikaona haya. Mtu mzima, nimevaa tai. Lakini nikasema, "Je vous demande pardon, monsieur."

Akagonga ungo kwa kidole.

Sikuelewa. Akagonga tena. "Rudia," akasema. "Zamani hukulisema hivyo. Mwisho wake unaushusha, mdogo wangu anaupandisha."

Nikarudia, nikiupandisha mwisho. Safari hii hakugonga. Aliweka ungo chini, akashika ukuta akainuka, akaenda taratibu mpaka kwenye ua na jani lake mkononi, akayatenga masale kwa mikono yote miwili. Na mzee yule ambaye hajawahi kushika kalamu akaita upande wa pili, kwa sauti ya padri wa Kifaransa aliyekwisha kuzikwa zamani:

"C'est fini! Entrez!"

Nikasikia kigoda kikianguka upande wa pili. Nilitaka kukimbia nikamsaidie, Baba Mkubwa akanizuia. Tukasubiri. Ilimchukua muda, na miguu ile, kupita chini ya migomba, kutoka kwa lango lake, kushika barabara na kufika kwenye lango la pili. Alipofika alisimama nje. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti na machozi yanamtiririka wazi wazi, wala hayafuti. Akafungua mdomo aseme, na naona kilichokuwa kinakuja ni Kifaransa.

Kaka yake akainua jani. "Karibu," akamwambia. "Lakini humu ndani tunasema Kichagga. Ukikosea, utatoka nje."

Mwalimu akafunga mdomo. Akaingia, akamsalimu kaka yake kwa Kichagga.